Jiwe Mlilolirusha Wenyewe

*Mmejinyima mpaka mkapata karavani yenu. Sasa mnaiingiza kwenye changarawe. Soma hapa kabla lami haijaisha.*

Hebu fikiria. Wewe na mwenzi wako mmeweka akiba kwa miaka, mmeomba likizo ndefu, mmefunga nyumba na kumwachia jirani funguo. Nyuma ya gari lenu mnavuta karavani, yaani ile nyumba ndogo ya magurudumu yenye kitanda, jiko, friji na pengine hata bafu. Lami iliisha asubuhi. Sasa ni changarawe nyekundu mpaka jicho linapokomea. Muziki unalia, mnacheka. Ghafla, paa! Kioo cha nyuma cha gari kimegeuka chenga. Hakuna gari lililowapita, hakuna mtoto aliyerusha jiwe, hakuna hata mti wa kujifichia mtu. Nani kawapiga?

Jibu huwashangaza wengi: mmejipiga wenyewe.

Nyumba inayofuata nyuma

Mada yetu mwezi huu inatupeleka Australia, kwa sababu kule kuvuta karavani ni sehemu ya maisha ya watu. Kuna barabara kuu namba 1 inayozunguka nchi nzima, takriban kilomita 14,500. Zamani safari hiyo ilihesabiwa kuwa starehe ya wastaafu, wale wazee waliokwisha kusomesha watoto wakaamua kuhamia barabarani. Siku hizi wanandoa vijana nao wamo. Sheria za kazi zinawasaidia. Kwenye jimbo la New South Wales, kwa mfano, mfanyakazi aliyetimiza miaka 10 kwa mwajiri mmoja anastahili likizo ya miezi miwili yenye malipo. Miezi miwili! Wengine huitunza likizo hiyo kama mahari, wakiisubiri siku ya kuondoka. Na miongoni mwa wanaoishi kule sasa wamo ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, kwa hiyo usishangae siku moja shemeji akikuambia, "Njooni, tutawavuta."

Kwenye lami hakuna neno. Hata ile barabara ya Stuart inayokata katikati ya nchi kuelekea Darwin ilikamilika kuwekwa lami mwaka 1987. Shida inaanza pale mnapochepuka kwenda kuona yale mazuri yenyewe. Kaskazini magharibi kuna barabara ya Gibb River, kama kilomita 660, iliyotengenezwa kwa ajili ya kusafirisha ng'ombe. Kusini kuna njia ya Oodnadatta, takriban kilomita 620 kutoka Marree hadi Marla, inayofuata reli ya zamani ya treni ya Ghan. Treni hiyo ilipewa jina kutokana na waendesha ngamia walioitwa Waafghani, kwa hiyo hata kabla ya karavani za magurudumu, njia zile zilishapitiwa na misafara ya ngamia. Tofauti ni kwamba ngamia harushi mawe.

Barabara za namna hii huwa na vijituta vidogo vinavyofuatana kama bati la migongo. Vinatikisa mpaka meno. Na juu ya vijituta hivyo pametandazwa silaha: kokoto.

Jiwe linatoka wapi hasa?

Wengi hudhani adui ni gari linalokuja mbele. Hilo nalo lipo, tutalifikia. Lakini kwa anayevuta karavani, jiwe baya zaidi hurushwa na magurudumu ya nyuma ya gari lake mwenyewe.

Inakuwa hivi. Tairi linapokanyaga kokoto, linaibana kisha linaifyatua juu. Jiwe linaelea hewani kwa nukta chache tu. Katika nukta hizo, karavani yenu inakuja kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa na kulipiga. Si jiwe lililoigonga karavani, ni karavani iliyoligonga jiwe, kama ukuta unaotembea. Uso wa karavani ukiwa mgumu na umesimama wima, jiwe linadunda na kurudi mbele kwa kasi kuliko gari lenyewe. Na mbele kuna nini? Kioo chenu cha nyuma.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando katikati, ndiyo maana kikipigwa kinapata ufa lakini kinabaki mahali pake. Kioo cha nyuma kwa kawaida ni cha aina nyingine. Kimeimarishwa kwa joto, na kikichomwa na ncha ya jiwe kinasambaratika chote. Kuanzia hapo vumbi lote la barabara linaingia ndani ya gari: kwenye nguo, chakula, kamera na pua za watoto. Na duka la vioo liko kilomita mia kadhaa kutoka hapo mlipo.

Kwa hiyo ulinzi wa kweli unafuata njia ya jiwe lenyewe: linapofyatuka, linaporuka, linapotua.

1. Anzeni na mguu wa dereva

Kabla hamjanunua kifaa chochote, punguzeni mwendo. Si mahubiri, ni hesabu. Kishindo cha jiwe hakipungui sambamba na mwendo, kinapungua zaidi. Ukitoka kilomita 100 kwa saa ukaenda 80, kishindo kinabaki chini ya theluthi mbili ya kile cha mwanzo. Ukishuka mpaka 60, kinabaki kidogo zaidi ya theluthi moja. Kifaa gani cha dukani kitakupa punguzo kama hilo bure?

"Tutachelewa," atasema mmoja wenu. Sawa, tupige hesabu ya kuchelewa. Kilomita 620 za Oodnadatta kwa mwendo wa 80 ni saa 7 na dakika 45. Kwa mwendo wa 60 ni saa 10 na dakika 20. Mnapoteza saa mbili na nusu, tena kwenye safari ambayo hakuna mwenye akili anayeimaliza kwa siku moja. Kusubiri kioo kipya kifike kunaweza kula siku kadhaa. Mwenda pole hajikwai, na wala havunji kioo.

2. Toeni upepo

Tairi lililojaa upepo ni gumu kama mpira wa kikapu. Linafyatua mawe kwa nguvu, linapasuka kirahisi na linapeleka kila kijituta moja kwa moja kwenye makabati ya karavani. Ukilipunguza upepo, linalainika na kulikumbatia jiwe badala ya kulifyatua. Madereva wengi wa kule huanza kwa kupunguza kama robo ya upepo wa lami, kwenye gari na kwenye karavani pia, halafu wanarekebisha kulingana na mzigo.

Lakini sikiliza hapa. Tairi lenye upepo mdogo halitaki mbio. Likikimbizwa linapata joto, na tairi lililopata joto kupita kiasi hupasuka. Kwa hiyo upepo mdogo na mwendo mdogo ni mke na mume, havitenganishwi. Pimeni asubuhi matairi yakiwa ya baridi, msishuke chini ya kiwango kinachotakiwa kwa uzito mnaobeba, na mkirudi kwenye lami yajazeni tena kabla hamjakanyaga mafuta. Hii ina maana pampu ndogo ya upepo na kipimo chake ni lazima viwe ndani ya gari.

3. Likamateni jiwe njiani

Hatua ya kwanza ni madigadi mazuri nyuma ya magurudumu ya gari, mapana na mazito yasiyopeperuka. Wengine hufunga mpira au brashi ndefu inayovuka upana wote wa gari, chini ya bampa. Angalieni tu isigusane na bomba la moshi, maana mpira ukipata joto unayeyuka, na kwenye nyasi kavu moto si wa kuchezea.

Hatua ya pili ndiyo inayopendwa na wazoefu: wavu imara unaofungwa kuanzia bampa ya nyuma ya gari mpaka kwenye ile pembetatu ya chuma iliyo mbele ya karavani. Jiwe likifyatuka linakutana na wavu kwa chini na kurudi ardhini. Haliioni karavani, haliioni gari. Ufungwe kwa ulegevu wa kutosha ili gari likikata kona wavu usichanike, lakini usilegee hadi ukaburuza.

4. Laza uso, lainisha uso

Kumbuka yule mdundo. Unatokea kwa sababu jiwe limekutana na kitu kigumu kilichosimama wima. Kwa hiyo ngao ya mbele ya karavani isiwe bamba lililosimama kama mlango. Iwe imelazwa, au ikunjwe katikati mfano wa pua ya mashua, ili jiwe likiigonga litupwe pembeni au chini. Afadhali zaidi ikiwa ni fremu ya chuma iliyowambwa kitambaa kigumu au neti ya kivuli, ile wanayotumia wakulima wa mboga. Jiwe likigonga kitambaa kilicholegea kidogo, linapoteza nguvu na kudondoka.

Vitu viwili vya mbele visisahauliwe. Dirisha la mbele la karavani liwe na kifuniko chake kigumu, na kifungwe kila mnapoondoka. Na mitungi ya gesi, ambayo mara nyingi hukaa palepale mbele, ivalishwe. Mtungi ni wa duara na ni wa chuma, hauna mfano kwa kudundisha mawe kuelekea kwenye kioo. Kipande cha kapeti nene au mpira kilichofungwa kwa kamba kinatosha kuutuliza. Valvu zake zifungwe mnapokuwa mwendoni.

Sehemu ya chini ya uso wa karavani, ambayo hupigwa zaidi, hufunikwa kwa bamba la alumini lenye vinundu. Hilo huokoa rangi na kuta, lakini halizuii mdundo. Msije mkaweka bamba mkadhani mmemaliza.

5. Kivisheni kioo cha gari

Hata mkifanya yote hayo, wekeni kinga ya mwisho kwenye kioo chenyewe. Ubao mwepesi wa plastiki, sponji ya godoro kuukuu au hata boksi nene lililokunjwa mara mbili, kwa nje, likabanwa vizuri. Bei yake ni kama bure. Kabla ya kuweka, futeni kioo na rangi pembeni yake, kwa sababu vumbi lililobanwa pale litasugua kama msasa.

"Nitaonaje nyuma?" Huoni kitu hata sasa, kuna nyumba nzima nyuma yako. Anayevuta karavani anategemea vioo vya pembeni, vile virefu vinavyochomoza kupita upana wa karavani. Hakikisheni tu kifuniko hakizibi taa wala namba ya gari.

6. Chini, ambako hamuoni

Kioo kilichovunjika ni hasara na kero. Mawe yanayopiga chini ya karavani ni suala la uhai, na kwa sababu hayapigi kelele mnaweza kwenda nayo siku nzima bila habari.

*Breki.* Kule Australia tela lenye uzito wa zaidi ya kilo 750 ni lazima liwe na breki zake lenyewe, na karavani nyingi hutumia breki za umeme. Waya zake hupita kwenye ekseli, mahali panapopigwa mawe kuliko pote. Waya ukikatika, tani mbili za nyumba zinawasukuma mteremkoni na nyinyi hamna habari. Chukueni mpira wa kumwagilia maji, upasueni kwa urefu, uvisheni waya na mabomba yote yaliyo wazi, kisha bana kwa vibanio vya plastiki. Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, jaribuni breki za karavani peke yake kwa kile kiswichi kilicho karibu na usukani.

*Maji.* Matangi ya maji safi huwa ya plastiki na huning'inia chini ya sakafu. Jiwe moja lenye ncha, na lita zote zimemwagika jangwani. Wekeni bamba la bati zito chini ya tangi, na hata likiwepo, msiweke maji yenu yote mahali pamoja. Madumu ya maji ya kunywa yakae ndani ya gari, kwa sababu karavani inaweza kuachwa njiani lakini gari ndilo litakalowatoa.

*Gesi.* Bomba la shaba linalopita chini likipinda au kutoboka, hamtaliona, mtalinusa. Mkifika kambini, mmoja achungulie chini kabla mwingine hajawasha jiko.

Mkikutana na lori

Kule kuna malori yanayovuta matela matatu na zaidi, urefu wake mpaka mita 53.5. Likija mbele yenu kwenye changarawe, msishindane nalo. Waaustralia huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo sogeeni kushoto, punguzeni mwendo au simameni kabisa, na msiondoke mpaka vumbi limetua. Jiwe linalotoka kwenye lori linakuja na mwendo wake na kukutana na mwendo wenu. Mkisimama, mmeondoa sehemu yenu ya kishindo. Wazoefu huwa na redio ya mawasiliano, na madereva wa malori husikika kwenye chaneli ya 40.

Na kama kioo cha mbele kimepata kidonda kidogo, msiseme "tutakiangalia tukirudi." Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kidonda kidogo huzibwa kwa gundi maalum, lakini kikishatambaa kwa joto la mchana na baridi ya usiku, hapo ni kununua kioo kizima.

Someni karatasi kabla ya ramani

Hapa ndipo wapenzi wengi hulia. Mikataba mingi ya kukodi magari kule hairuhusu gari la kawaida kuingia kwenye barabara isiyo na lami. Karavani nyingi za kawaida nazo, dhamana ya kiwanda haihesabu uharibifu wa changarawe, na ndiyo maana kuna zile zilizojengwa maalum kwa barabara mbaya. Bima vilevile ina masharti yake. Ulizeni kwa maandishi: je, barabara hii kwa jina lake imo? Na mvua ikinyesha serikali za majimbo hufunga barabara. Gibb River, kwa mfano, ni ya kiangazi, kati ya Mei na Oktoba. Kuingia kwenye barabara iliyofungwa ni kosa lenye faini, achilia mbali kunasa kwenye tope.

Mapenzi kwenye vumbi

Sasa tuje kwetu, kwenye kurasa zetu hizi. Changarawe inapima nyumba ya magurudumu, lakini inaipima na ile nyingine mliyoijenga kwa kiapo. Ugomvi wa barabarani karibu wote una sura moja: mmoja anataka kufika, mwingine anaogopa. Anayeendesha anaona anadharauliwa, anayekaa pembeni anaona hasikilizwi. Wote wawili wanatazama mbele, kumbe jiwe linatokea nyuma.

Dawa yake ni kukubaliana mkiwa bado mmetulia. Kaeni mezani siku moja kabla, mpange mwendo wa juu kabisa kwenye changarawe, na muafikiane kwamba yeyote anayeomba kupunguza anasikilizwa bila mjadala. Si kwa sababu yuko sahihi kila mara, ila kwa sababu kupunguza hakujawahi kuvunja kioo cha mtu. Simameni kila baada ya saa moja. Mmoja azunguke upande wa kulia, mwingine wa kushoto, mguse matairi kama yamepata joto, mchungulie chini, mkaze kilicholegea, mnywe maji. Kesho yake mbadilishane pande. Mke ajue kupima upepo, mume ajue kufunga mtungi. Msafiri anayejua kazi moja tu ni mzigo siku mwenzake akiumwa.

Na jiwe likipiga pamoja na yote hayo? Litapiga siku moja, barabara ni barabara. Hapo neno la kwanza lisiwe "nilikuambia." Liwe "umeumia?" Kioo kina bei yake, na kinanunulika.

Orodha ya kubandika kwenye friji

- Upepo umepunguzwa kwenye gari na karavani? Pampu ipo?
- Madigadi na wavu vimekazwa, haviburuzi?
- Dirisha la mbele la karavani limefungwa, mitungi imefungwa na kuvalishwa?
- Kioo cha nyuma cha gari kimefunikwa, taa na namba zinaonekana?
- Waya za breki zimevishwa mpira, breki zimejaribiwa?
- Maji ya kunywa yapo ndani ya gari?
- Mkataba na bima vinaitaja barabara hii?
- Mmekubaliana mwendo?

Na wewe ambaye huna karavani

Usifunge ukurasa ukasema haya ni ya Wazungu wa mbali. Unaporudi kijijini na tela limejaa mifuko ya saruji na matangi ya maji, magurudumu yako ya nyuma yanarusha mawe yaleyale. Unapokwenda kuwasalimu wakwe, kilomita 40 za vumbi baada ya lami, tairi lililojaa upepo linafyatua kokoto vilevile kwenye tangi lako la mafuta na kwenye kioo cha anayekufuata. Toa upepo kidogo, punguza mwendo, mwachie mwenzako wa nyuma nafasi, na simama basi kubwa likija. Tela lako likivishwa turubai mbele na madigadi nyuma ya magurudumu yako, umeshamaliza nusu ya kazi.

Mwezi huu, kabla ya safari yoyote ya vumbi, mtume mwenzi wako akapime upepo wa matairi. Kama hajui, nenda naye mkajifunze wote.